Jimbo, kaunti au eneobunge? Kila neno lina mpaka wake

MTANGAZAJI wa redio akisoma kwamba “mbunge wa Kwanza ameupinga mswada huo”, msikilizaji aliye Lamu ana haki ya kuuliza: na wa pili je, alisemaje? Msikilizaji aliye Kitale hatatizwi hata kidogo. Anajua kwamba Kwanza ni mahali, tena ni mojawapo ya maeneobunge matano ya Kaunti ya Trans Nzoia. Gazetini herufi kubwa hutuokoa. Redioni hakuna herufi kubwa. Ndiyo maana mtangazaji mwangalifu hutaja jina la kaunti papo hapo: “mbunge wa Kwanza katika Kaunti ya Trans Nzoia”.

Hilo la Kwanza ni la kuchekesha. Yapo mengine yasiyochekesha. Kila siku tunasoma na kusikia maneno jimbo, kaunti, gatuzi, wilaya, eneobunge, wadi, tarafa, kata na lokesheni yakitumiwa kana kwamba yote yana maana moja, yaani “sehemu ya nchi”. Ukweli ni kwamba kila moja lina mipaka yake ardhini, lina sheria yake, na lina mtu wake wa kuulizwa mambo yakienda mrama. Katika makala haya tutayapambanua maneno hayo kwa kutumia kaunti mbili jirani: Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale, na Bungoma.

Kwanza tuondoe kosa moja linalosikika sana. Hakuna “Kaunti ya Kitale”. Kitale ni mji. Kaunti ni Trans Nzoia. Jina hilo lenyewe lina maana ya “ng’ambo ya mto Nzoia”, na ni dhahiri kwamba aliyelitunga alikuwa amesimama upande wa Uasin Gishu akitazama kaskazini. Bungoma nayo ina tatizo la kinyume: jina moja linabeba mji, kaunti, na wilaya ya zamani. Kwa hiyo mwandishi akituambia kwamba “wakazi wa Bungoma wanalalamikia uhaba wa maji”, hatujui kama ni wa mjini tu au ni kaunti nzima, kuanzia Bumula hadi miteremko ya Mlima Elgon.

Ngazi mbili kwenye ukuta mmoja

Njia rahisi ya kuyaelewa maneno haya ni kukumbuka kwamba Kenya ina ngazi mbili zilizoegemezwa kwenye ukuta mmoja. Ngazi ya kwanza ni ya uwakilishi. Hiyo hupandwa kwa kura, na vidato vyake ni wadi, eneobunge na kaunti. Mpiga kura hupewa karatasi sita siku ya uchaguzi mkuu. Moja ni ya rais, ambaye eneo lake ni nchi nzima. Tatu ni za kaunti: gavana, seneta na mbunge mwakilishi wa kike. Moja ni ya eneobunge, nayo ni ya mbunge. Ya mwisho ni ya wadi, ya yule ambaye magazeti humwita mwakilishi wadi au diwani, na ambaye mtaani huitwa MCA basi.

Ngazi ya pili ni ya utawala. Hii haina kura; watu wake huajiriwa na serikali kuu. Vidato vyake ni kaunti, kaunti ndogo, tarafa, lokesheni na kata ndogo. Huko ndiko aliko Kamishna wa Kaunti, naibu wake, chifu na naibu wa chifu. Chini kabisa yupo mzee wa kijiji, ambaye sehemu nyingi za Magharibi humwita liguru.

Ngazi hizi mbili hukutana kwenye kaunti, kisha zikishuka zinaachana. Mtu anayeishi Bungoma mjini hupigia kura eneobunge la Kanduyi. Lakini katika daftari za serikali kuu, yeye ni wa kaunti ndogo ya Bungoma Kusini. Anayeishi Kitale mjini hupigia kura eneobunge la Saboti, ilhali serikali kuu humhesabu katika Trans Nzoia Magharibi. Hakuna mbunge wa Trans Nzoia Magharibi, wala hutasikia naibu kamishna wa Kanduyi.

Mkanganyiko umeongezwa na sheria yenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kwamba gavana akigawanya kaunti yake, kaunti ndogo zake ziwe sawa na maeneobunge. Serikali kuu nayo iliendelea na migawanyo yake, ambayo mingi ni wilaya za zamani zilizobadilishwa majina. Hivyo basi, “kaunti ndogo” ni jina moja la vitu viwili. Afisa wa afya wa kaunti akitaja kaunti ndogo, huenda anamaanisha Kanduyi. Afisa wa usalama akiitaja, huenda anamaanisha Bungoma Kusini.

Je, haya ni mambo ya wanasarufi tu? Muulize mzazi wa mtaa wa Matisi, Kitale, anayetafuta msaada wa karo. Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge itataka kujua eneobunge lake. Kaunti nyingi zinazotoa msaada wa karo hugawanya fedha hizo kwa wadi. Fomu zote mbili huhitaji muhuri wa chifu, na chifu hana eneobunge wala wadi, ana lokesheni. Akikosea neno moja katika fomu, atarudishwa nyumbani, na muhula hautamsubiri.

Wilaya iliyokataa kufa

Mkazi mwenye umri wa makamo, awe wa Kimilili au Endebess, bado husema “naenda kwa DC” na “wilaya yetu”. Si ujinga. Wilaya ndiyo iliyokuwa nguzo ya utawala tangu enzi ya ukoloni hadi Katiba ya sasa ilipoanza kutumika Agosti 27, 2010.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na maana yake ni eneo lililo chini ya mamlaka ya mtu. Ukubwa wa eneo hilo haumo ndani ya neno. Nchini Algeria, wilaya ndiyo migawanyo mikubwa kabisa ya nchi. Nchini Oman, wilaya ni migawanyo iliyo ndani ya mikoa. Tanzania nayo ina wilaya zilizo chini ya mikoa, kama ilivyokuwa hapa kwetu. Kamusi itakupa maana, lakini ukubwa utapewa na sheria ya nchi.

Kaunti zetu 47 zilichorwa kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992, pamoja na Nairobi. Wilaya zilizoundwa baada ya hapo kwa tangazo la rais, na zilikuwa nyingi ajabu, hazikugeuka kaunti. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wilaya hizo ziliundwa kinyume cha sheria. Mfano ulio karibu ni Mlima Elgon. Wilaya ya Mlima Elgon ilimegwa kutoka Bungoma mwaka wa 1993, mwaka mmoja tu baada ya orodha hiyo ya sheria. Kwa sababu hiyo, Mlima Elgon leo ni eneobunge mojawapo kati ya tisa za Kaunti ya Bungoma. Anayeandika “Wilaya ya Mlima Elgon” katika habari ya mwaka huu anaandika kuhusu kitu ambacho hakipo.

Jimbo: neno lenye makovu

Katika maneno haya yote, jimbo ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa linabeba maana tano au sita kwa wakati mmoja.

Tanzania ya leo, jimbo ni eneo la uchaguzi. Mbunge ni “mbunge wa jimbo”, na kule Zanzibar jimbo humpeleka pia mwakilishi katika Baraza la Wawakilishi. Hata hivyo, katika Tanganyika ya ukoloni, jimbo lilikuwa kile ambacho baadaye kiliitwa mkoa. Kulikuwa na Jimbo la Ziwa na Jimbo la Kusini. Waandishi wanaoripoti kuhusu mashariki mwa Congo hutaja “jimbo la Kivu Kaskazini”. Sote tunasema jimbo la Texas, na jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kwa sababu nchi hizo ni za shirikisho na sehemu zake zina mamlaka yake kikatiba.

Kanisa Katoliki nalo lina majimbo yake, na hayafuati ramani ya serikali. Jimbo Katoliki la Bungoma, lililoundwa mwaka wa 1987, linajumuisha pia Busia. Jimbo Katoliki la Kitale, lililoundwa mwaka wa 1998, linajumuisha Trans Nzoia na Pokot Magharibi. Kwa hiyo “jimbo la Kitale” lipo, ila mkuu wake ni askofu.

Kwetu Kenya neno hili lina historia nzito zaidi. Katiba ya 1963 iligawanya nchi katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, na kila jimbo likapewa bunge lake. Chama cha KADU ndicho kilichopigania mfumo huo, KANU iliupinga. Swali moja gumu lililokabili tume ya mipaka ya majimbo mwaka wa 1962 lilihusu Kitale. Viongozi wa Magharibi, akiwemo Masinde Muliro, walitaka Kitale na Trans Nzoia ziwe katika jimbo la Magharibi. Viongozi wa Bonde la Ufa walitaka zibaki kwao. Wote hao walikuwa ndani ya KADU. Mwishowe Trans Nzoia ikawa Bonde la Ufa na Bungoma ikawa Magharibi. Majimbo yenyewe hayakudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, mamlaka yake yalikuwa yameng’olewa karibu yote, na yakaishia kuwa mikoa. Mfumo ulikufa, mpaka ukabaki.

Panda matatu Webuye uelekee Kitale. Utapita Misikhu, kisha Kamukuywa, halafu Kiminini. Kabla ya kufika Kiminini utakuwa umevuka kutoka iliyokuwa Magharibi na kuingia iliyokuwa Bonde la Ufa. Lugha inayosikika sokoni pande zote mbili ni ileile, Lubukusu. Lakini hadi leo utasikia watu wakisema “sisi huku ni Rift” na “wale ni wa Western”, ijapokuwa mikoa haipo tena.

Siasa za vyama vingi ziliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1990, majimbo yalirudi majukwaani yakiwa na sura nyingine. Katika sehemu za Bonde la Ufa, neno hilo lilisikika kama amri ya kuwataka “wageni” warudi “kwao”. Neno madoadoa, ambalo kwa kawaida ni la kueleza rangi ya ng’ombe au kitambaa, liligeuzwa likawa jina la jirani wa kabila jingine. Trans Nzoia na Mlima Elgon ni miongoni mwa sehemu zilizopata hasara ya roho na mali katika ghasia za 1991 hadi 1993. Kwa aliyeyapitia hayo, jimbo si istilahi baridi ya kitabuni.

Ndiyo maana ninashauri kwamba tusiiite kaunti “jimbo”. Ziko sababu mbili. Mosi, Mtanzania akisoma “mbunge wa jimbo la Bungoma” ataelewa kwamba Bungoma ina mbunge mmoja, ilhali ina tisa wa maeneobunge. Pili, Kenya si shirikisho. Katiba inasema kwamba serikali za ngazi mbili ni tofauti lakini zinategemeana na zinapaswa kushauriana. Huo ni ugatuzi. Tukiita kaunti majimbo tunawapa wasomaji mfumo ambao hatuna, na tunawaamshia wengine kumbukumbu walizotaka zilale.

Kaunti au gatuzi?

Wapo wenzetu wanaoona haya kusema “kaunti” kwa kuwa ni neno la kukopa. Wao hupendelea gatuzi, wingi wake magatuzi. Neno hili limetokana na kitenzi gatua, yaani kuondoa madaraka kitovuni na kuyapeleka pembeni. Nia ni njema. Hata hivyo, lina kasoro ya kimofolojia. Nomino ugatuzi imeundwa kama uchaguzi kutoka chagua. Ukiondoa u- katika uchaguzi unapata chaguzi, ambayo ni wingi: chaguzi ndogo zimefanyika. Kwa mantiki hiyohiyo, gatuzi lingepaswa kuwa wingi wa ugatuzi, si jina la mahali.

Lugha haifuati mantiki kila mara, na wasomaji wa magazeti wameshalizoea gatuzi. Silipigi marufuku. Ila katika fomu, hukumu, tangazo la zabuni na habari za uchaguzi, tutumie kaunti, kwa sababu ndilo neno la tafsiri ya Katiba, na ndilo ambalo mama mboga wa Chwele na mkulima wa mahindi wa Endebess hulitumia bila kufikiri.

Ngeli na mpangilio

Makosa ya upatanisho wa kisarufi ni mengi katika maneno haya. Tuyapange.

Jimbo, gatuzi na eneobunge ni ya ngeli ya LI-YA: eneobunge la Tongaren limegawanywa; maeneobunge ya Bungoma yamehesabiwa. Kauli “eneobunge ya Sirisia”, inayosikika sana redioni, si sahihi. Eneobunge ni neno moja lililoundwa kwa eneo na bunge, na wingi wake ni maeneobunge.

Kaunti, wilaya, tarafa, wadi, lokesheni na kata ni ya ngeli ya I-ZI: wadi ya Tuwani imepata mwakilishi, wadi za Saboti zimepata wawakilishi. Mkoa ni wa U-I: mkoa umegawanywa, mikoa imegawanywa.

Kata lina mtego wake. Tanzania, kata humchagua diwani. Kenya, vitabu vya shule hulitumia kwa maana ya lokesheni, yaani eneo la chifu, ambaye hachaguliwi. Diwani wa Tanzania na diwani wa magazeti ya Kenya wanafanana kazi, lakini mmoja ana kata, mwingine ana wadi.

La mwisho katika sehemu hii ni mpangilio wa maneno. “Kaunti Kamishna” na “Naibu Kaunti Kamishna” ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kiswahili hutanguliza nomino kuu kisha kikaifafanua: Kamishna wa Kaunti, Naibu Kamishna wa Kaunti. Hatusemi “shule mwalimu”.

Mpaka upi unaweza kubadilika?

Tofauti ya maneno haya itatuhusu zaidi kadiri mjadala wa mipaka unavyoendelea. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kupitia upya mipaka ya maeneobunge kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12. Mapitio ya mwisho yalikamilika Machi 2012. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 tume ikiwa haina makamishna.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Gawa kwa maeneobunge 290 upate wastani wa watu 164,015 hivi kwa kila eneobunge. Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341 katika maeneobunge matano, yaani wastani wa 198,068. Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570 katika maeneobunge tisa, wastani wa 185,619. Kwa idadi ya watu peke yake, Trans Nzoia ingestahili maeneobunge sita na Bungoma 10. Lakini idadi ya watu si kigezo pekee. Katiba inaruhusu eneobunge kupita au kupungukia wastani huo kwa asilimia 30, na kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na sehemu zenye wakazi wachache. Jiografia, historia na mawasiliano pia huzingatiwa.

Sasa tazama maneno yanavyoweza kupotosha. Mwanasiasa akisema jukwaani, “Tutaongezewa majimbo”, anaahidi nini? Kama ni maeneobunge, idadi ya 290 imeandikwa kwenye Katiba. Bungoma ikiongezewa moja bila Katiba kurekebishwa, kaunti nyingine itapoteza moja. Kama ni wadi, idadi yake imewekwa na sheria ya kawaida, ambayo Bunge linaweza kuibadilisha kwa njia nyepesi zaidi. Kama ni kaunti, IEBC haina mamlaka hayo kabisa. Kwa mujibu wa Kifungu cha 188, mipaka ya kaunti haibadilishwi ila kwa pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge kwa kazi hiyo, kisha thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti waidhinishe. Kama ni kaunti ndogo au lokesheni za serikali kuu, hizo hutangazwa na wizara bila kura yoyote, na hazimwongezei mwananchi mbunge wala shilingi ya Hazina ya Maeneobunge.

Ahadi nne tofauti, uzito tofauti, zote zimefichwa ndani ya neno moja. Kwa hivyo safari ijayo utakaposikia mtu akiahidi “jimbo jipya”, iwe ni Kapsokwony au Kachibora, mwombe alitaje kwa jina lake halisi: kaunti, eneobunge, wadi au kaunti ndogo? Jibu lake litakuonyesha kama anachoahidi kimo katika uwezo wake.